Kidude cha televisheni cha USB kwenye Linux: soma dalili, tafuta chanzo

Mtu akichomeka kidude cha USB cha kupokea televisheni ya dijitali kwenye kompyuta ya Linux na picha isije, mkono huenda moja kwa moja kwenye programu. VLC inafutwa, Kaffeine inawekwa, Tvheadend inajaribiwa, mwisho distro nzima, yaani toleo zima la Linux, inabadilishwa. Mara nyingi programu hizo hazina kosa. Zinasubiri data ambayo haijafika, na kilichoizuia kiko chini yao: kwenye poti, kwenye draiva, kwenye femwea (programu ndogo inayoendesha chipu), kwenye chipu yenyewe au huko juu ya paa kwenye antena.

Kila ngazi kati ya hizo inajibu ikiulizwa. Kerneli, yaani kiini cha Linux, huandika inachokiona, na ziko zana ndogo za terminali zinazoongea na kidude bila kupitia programu yoyote ya kutazama TV. Kwa hiyo kabla ya lolote, weka zana hizo. Kwenye Debian, Ubuntu na Mint:

```
sudo apt install dvb-tools usbutils psmisc mpv
```

Kwenye Arch na Fedora, zana za dvb zimo ndani ya furushi la `v4l-utils`. Kisha fungua terminali ya pili, uiache ikionyesha maneno ya kerneli muda wote wa kazi:

```
sudo dmesg -w
```

Majibu mengi yatatokea kwenye dirisha hilo.

Kabla ya dalili zote: je, chipu yako inaelewa DVB-T2?

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalopoteza pesa na muda wa watu wengi kwetu. Kenya, Tanzania na Uganda zinarusha televisheni ya ardhini kwa mfumo wa DVB-T2. Vidude vingi vya bei nafuu vinavyouzwa mtandaoni vimejengwa juu ya chipu ya Realtek RTL2832U, na chipu hiyo inaelewa DVB-T, mfumo wa kizazi cha kwanza, peke yake. Boksi litasema ni televisheni ya dijitali, pengine na maneno DVB-T+FM+DAB, na halidanganyi. Ila mawimbi yanayorushwa Nairobi au Dar es Salaam ni ya lugha nyingine.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba kila kitu kinaonekana kizima. Kidude kinaorodheshwa, draiva inapakiwa, utafutaji wa vituo unaanza na kumaliza bila malalamiko, na orodha inatoka tupu. Mtu anapanda paani kugeuza antena, ananunua busta ya kukuza mawimbi, anabadilisha waya, na hakuna kinachobadilika. Wala hakuna femwea wala draiva itakayokuja kuokoa jambo hili. DVB-T hurekebisha makosa ya mawimbi kwa njia za Viterbi na Reed-Solomon. DVB-T2 hutumia LDPC na BCH, na hesabu hizo hufanywa na chipu yenyewe kabla data haijagusa USB. Chipu isiyo nazo haina.

Kama kidude tayari unacho, kiulize:

```
dvb-fe-tool -a 0
```

Tafuta mstari wa `Supported delivery systems`. Ukiona `DVBT` tu, umefika mwisho wa safari kwa kidude hicho: kitumie nchi ambazo bado zina DVB-T, au kigeuze kuwa redio ya kujifunzia masafa, kazi ambayo RTL2832U inaifanya vizuri sana. Ukiona `DVBT2` ndani ya orodha, endelea kusoma. Alama za mabano ya mraba zinaonyesha tu mfumo uliochaguliwa kwa sasa; `[DVBT]` ikifuatiwa na `DVBT2` si tatizo.

Zingatia pia kwamba baadhi ya vidude vina chipu mbili za kufasiri mawimbi. Astrometa DVB-T2, kwa mfano, ina ya Realtek inayosoma DVB-T, na pembeni yake ya Panasonic, MN88472 au MN88473, inayosoma DVB-T2. Linux huziweka kama `frontend0` na `frontend1`. Ukiuliza ya kwanza peke yake utaambiwa DVB-T na utakata tamaa bure. Uliza na ya pili:

```
dvb-fe-tool -a 0 -f 1
```

Kwa anayeenda kununua: vinavyojulikana kufanya kazi na DVB-T2 kwenye Linux ni pamoja na PCTV 290e na 292e, Hauppauge WinTV-soloHD na WinTV-dualHD, na familia ya T230 ya Geniatech, inayouzwa pia kwa jina la MyGica. PCTV 290e ilikuwa miongoni mwa vya kwanza kabisa, draiva yake ikiwa ndani ya kerneli tangu mwaka 2011, na haihitaji femwea yoyote. Usinunue kwa kutazama picha ya ganda la plastiki. Watengenezaji hubadilisha chipu za ndani na kuacha ganda lilelile, kwa hiyo muulize muuzaji namba ya modeli na jina la chipu.

Dalili: `lsusb` haionyeshi kitu kipya

Endesha `lsusb`, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, kidude kikiwa nje, kisha kikiwa ndani, ulinganishe. Kama orodha ni ileile, Linux haijahusika bado. Ni umeme au waya. Kiondoe kwenye habu na ukichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, ikiwezekana poti ya nyuma kama ni ya mezani. Poti ya USB 2.0 hutoa miliampea 500, na habu isiyo na umeme wake hugawa kiasi hicho kwa kila kilichochomekwa. Raspberry Pi yenye chaja dhaifu huonyesha dalili hii hasa: kidude kinaonekana, kinapotea, kinaonekana tena.

Kwenye dirisha la dmesg, mistari kama `device descriptor read/64, error -71` inamaanisha kompyuta inajaribu kuongea na kidude na jibu linafika limeharibika. Badilisha waya wa kurefusha kwanza. Tazama pia kasi. Unataka kuona `new high-speed USB device`. Ukiona `full-speed`, kidude kimeshushwa hadi megabiti 12 kwa sekunde, kiasi kisichotosha kubeba furushi zima la vituo vya DVB-T2. Mwenye hali hiyo anaweza kupata kituo kimoja kikiganda-ganda akadhani ni antena.

Dalili: `lsusb` inakiona, lakini `/dev/dvb` haipo

`/dev/dvb` ni folda ambamo Linux huweka kidude cha televisheni kilichopata draiva. Hapa kerneli imekiona kidude ila hakuna draiva iliyokichukua. Chukua namba zake mbili kutoka `lsusb`, mfano `0bda:2838` ya Realtek au `2040:0264` ya WinTV-soloHD. Namba hizo ndizo draiva inazotumia kutambua kilicho chake.

Sababu ninayoiona kuwa ya kawaida kuliko zote ni kerneli iliyopunguzwa. Ubuntu ya mashine pepe na ya seva za wingu (cloud) huja bila draiva za televisheni, kwa kuwa watengenezaji hawakutegemea mtu kutazama taarifa ya habari kwenye seva. Ziko kwenye furushi la ziada:

```
sudo apt install linux-modules-extra-$(uname -r)
```

Kwa Ubuntu ya Raspberry Pi furushi linaitwa `linux-modules-extra-raspi`. Chomoa kidude, chomeka tena, utazame dmesg.

Sababu ya pili inawapata waliowahi kucheza na redio ya programu. Furushi la `rtl-sdr` huweka faili inayoikataza kerneli kupakia draiva ya televisheni, ili kidude kibaki huru kwa kazi ya redio. Itafute:

```
grep -rs rtl28xxu /etc/modprobe.d /usr/lib/modprobe.d /lib/modprobe.d
```

Ukiona mstari wa `blacklist dvb_usb_rtl28xxu`, weka alama ya `#` mbele yake, kisha `sudo modprobe dvb_usb_rtl28xxu`. Hili linawagusa pia wenye Astrometa, maana nayo hutumia draiva hiyohiyo.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, angalia umri wa kerneli kwa `uname -r`. Kidude kipya kwenye distro ya zamani hakitambuliki kwa sababu namba zake hazikuwapo wakati kerneli ile inaandikwa. Kabla ya kuanza kujenga draiva kwa mkono, anzisha kompyuta kwa Linux mpya kutoka kwenye flashi, bila kuisakinisha, uone kama `/dev/dvb` inatokea. Ikitokea, tiba yako ni kerneli mpya.

Kwa wanaotumia VirtualBox: jaribu kwanza kwenye mashine halisi. Data ya televisheni inatiririka bila kusimama, na kupitisha USB kwenda kwenye mashine pepe mara nyingi hukatakata mtiririko huo. Ukitatua matatizo ndani ya mashine pepe hutajua unatatua ya nani.

Dalili: `/dev/dvb` ipo, lakini utafutaji unakufa mara tu unapoanza

Tazama dmesg wakati uleule unapoanza kutafuta vituo. Ukiona mstari wa namna hii, umepata jibu:

```
Direct firmware load for dvb-demod-si2168-b40-01.fw failed with error -2
```

Kosa la -2 maana yake faili haipo. Chipu nyingi za DVB-T2, zikiwemo Si2168 zilizomo kwenye PCTV 292e, WinTV na T230, huamka zikiwa tupu. Zinahitaji kupewa programu yao ndogo kila zinapopata umeme, na faili hiyo mara nyingi haimo kwenye distro kwa sababu za leseni.

Jambo linalowachanganya watu ni wakati. Kidude kikichomekwa, dmesg inaonyesha kila kitu ni shwari: draiva imepakiwa, frontend imesajiliwa, hakuna malalamiko. Femwea haiulizwi hadi programu ya kwanza ifungue frontend. Aliyesoma dmesg baada ya kuchomeka na kuifunga hataona kosa kamwe. Ndiyo maana nimesisitiza dirisha lile liachwe wazi.

Faili nyingi za aina hii zimekusanywa kwenye hifadhi ya mradi wa LibreELEC iliyoko GitHub, inayoitwa dvb-firmware. Jina lazima lilingane na lile la kwenye kosa herufi kwa herufi. Si2168 zenyewe zina matoleo: A20, A30, B40, D60, kila moja na faili yake, na ya B40 haifai kwa D60. Astrometa itataka `dvb-demod-mn88472-02.fw` au `dvb-demod-mn88473-01.fw` kutegemea chipu. Ukishaipata:

```
sudo cp dvb-demod-si2168-b40-01.fw /lib/firmware/
```

Chomoa, subiri kidogo, chomeka, anza kutafuta upya. Mambo yakienda sawa dmesg itasema `downloading firmware from file` na mstari unaofuata utataja toleo la femwea.

Kwa kompyuta yenye Windows na Linux pamoja: ukitoka Windows kwa kuwasha upya bila kuzima, poti ya USB inaweza kubaki na umeme, na kidude kikaendelea kushikilia femwea kiliyopewa na Windows. Draiva ya Linux inakikuta katika hali isiyoitarajia. Kukichomoa kwa sekunde chache kunatosha.

Dalili: `Permission denied` au `Device or resource busy`

La ruhusa ni jepesi. Mafaili ya `/dev/dvb` ni ya kikundi cha `video`:

```
sudo usermod -aG video $USER
```

Toka kwenye akaunti yako uingie tena, maana uanachama wa kikundi husomwa wakati wa kuingia. Watu hushangaa kwamba kidude kinafanya kazi wakiwa mbele ya kompyuta lakini kinakataa wakiingia kutoka mbali kwa SSH. Sababu ni kwamba aliyeketi kwenye kioo hupewa ruhusa ya muda na mfumo hata kama hayumo kwenye kikundi. Wa SSH hapewi.

La pili lina maana kwamba programu nyingine imekishika. Frontend moja ina mteja mmoja tu wa kuibadilisha masafa.

```
sudo fuser -v /dev/dvb/adapter0/*
```

Jibu mara nyingi ni Tvheadend, ambayo huendeshwa kimyakimya kama huduma tangu kompyuta inawaka, na yenyewe hufungua kidude kukusanya ratiba za vipindi. `sudo systemctl stop tvheadend` wakati wa majaribio, utaiwasha ukimaliza.

Dalili: utafutaji unakwenda hadi mwisho, vituo sifuri

Kama umethibitisha DVB-T2 na femwea, sasa ndipo tunapoingia kwenye masafa na antena. Anza na masafa, kwa sababu hayahitaji ngazi.

Programu nyingi hutafuta kwa kutumia orodha ya minara iliyoandaliwa na wachangiaji wa nchi mbalimbali. Ulaya imejaa, mji wako huenda haumo. Watu huchagua nchi yoyote iliyo karibu kwenye menyu, nayo programu inakwenda kusikiliza masafa ambayo kwako hayana kitu. Afadhali utengeneze orodha yako. Kwetu televisheni iko kwenye bendi ya UHF, kila chaneli ya masafa ikiwa na upana wa megahezi 8, na hesabu ya katikati ya chaneli ni rahisi: zidisha namba ya chaneli kwa 8, jumlisha 306. Chaneli 21 ni megahezi 474, chaneli 48 ni megahezi 690. Amri hii inaandika zote:

```
for c in $(seq 21 60); do
  printf '[CH%d]\n\tDELIVERY_SYSTEM = DVBT2\n\tFREQUENCY = %d\n\tBANDWIDTH_HZ = 8000000\n\tSTREAM_ID = 0\n\n' \
  $c $(( (306 + 8*c) * 1000000 ))
done > uhf.conf
```

Kisha tafuta:

```
dvbv5-scan -a 0 -o vituo.conf uhf.conf
```

Ongeza `-f 1` kama chipu yako ya DVB-T2 ni ya pili. Kama antena yako iko mbali na mnara, ongeza `-T 2` ili isubiri mara mbili zaidi kwenye kila chaneli. Baadhi ya chipu huchelewa kukamata.

Soma mistari inayopita. `Lock (0x1f)` maana yake mawimbi yamekamatwa na kufasiriwa. `Carrier` bila kufika `Lock` maana yake kuna kitu kinarushwa hapo lakini hakifasiriki: ama ni dhaifu, ama umeomba mfumo usio wake. Kama chaneli zote arobaini zimepita bila hata dalili ya nguvu, kwa kawaida hakuna mawimbi yanayoingia kabisa, na kosa ni la kiwaya.

Ipo njia ya mkato kama nyumbani kuna king'amuzi cha antena au TV yenye DVB-T2 ndani. Chukua waya uleule wa antena, uuchomeke huko, uingie kwenye menyu ya kutafuta kwa mkono. Huko utaona namba ya chaneli au masafa, na upimaji wa nguvu na ubora. Kama king'amuzi nacho hakipati kitu, acha kompyuta ipumzike, nenda kwenye antena. Kama kinapata, andika masafa hayo na uyajaribu peke yake kwenye `dvbv5-scan`.

Na hapa kuna mtego ambao nimeona ukiwatesa hata mafundi: antena ile inafanya kazi kwenye king'amuzi na haifanyi kwenye kidude. Fundi anaapa kidude ni kibovu. Antena nyingi tunazonunua zina busta ndogo ndani yake, na busta hiyo inalishwa umeme kupitia waya uleule wa antena. King'amuzi kina menyu ya kuwasha umeme wa antena, kwa kawaida volti 5, na fundi aliyefunga aliiwasha siku ya kwanza. Kidude cha USB kwa kawaida hakitoi umeme huo. Busta isiyo na umeme ni mbaya kuliko kutokuwa na busta, kwa sababu mawimbi yanalazimika kupita ndani ya saketi iliyolala na yanafika karibu yote yamefyonzwa. Tiba ni kifaa kidogo cha kuingiza umeme kwenye waya wa antena, kinachouzwa pamoja na busta au peke yake, au kutumia antena isiyo na busta. Hakikisha upande wenye umeme unatazama antena, na kwamba volti zinalingana na za busta. Zipo za volti 5 na zipo za 12.

Kile kijiti cha sumaku kinachokuja ndani ya boksi kiweke pembeni. Kinaweza kufaa ghorofani ukiuona mnara kwa macho. Kwenye nyumba ya tofali na paa la bati, kikiwa juu ya meza karibu na kompyuta, kinanasa kelele za kompyuta kuliko kituo. Antena ya nje ya mbavu, ielekezwe mnarani, na mbavu zake zilale au zisimame kama za majirani wanaopata picha nzuri. Kagua pia kiungo kidogo cha kubadilisha tundu dogo la kidude kuwa la waya mnene wa antena. Vingi ni vya hovyo, pini ya katikati haigusi. Kizungushe huku ukitazama namba.

Dalili: vituo vimepatikana, picha inavunjika vipande

Chagua kituo kimoja, uache kidude kikipime:

```
dvbv5-zap -a 0 -c vituo.conf -r 'JINA LA KITUO'
```

Jina liwe kama lilivyo ndani ya mabano kwenye `vituo.conf`. Tazama `C/N`, yaani tofauti kati ya mawimbi na kelele. Kwa mpangilio wa 256QAM ambao watangazaji wa DVB-T2 huupenda, unahitaji takribani desibeli 20 ili uwe na amani. Unaweza kupata picha chini kidogo ya hapo, lakini mvua ikinyesha utaipoteza. Namba ya nguvu peke yake haikuambii kitu kikubwa. Busta mbovu hupandisha nguvu na kelele pamoja.

Mawimbi makali kupita kiasi nayo huvunja picha. Anayeishi chini ya mnara na ana busta ataona nguvu kubwa na `C/N` mbaya. Ondoa busta uone.

Kisha jaribu waya wa USB wa kurefusha, mita moja hivi. Kompyuta yenyewe, hasa poti za USB 3.0 na waya za HDMI, hutoa kelele inayoingia kwenye kidude kilichobanwa ubavuni mwake. Mnara wa simu ulio karibu ni chanzo kingine, kwa kuwa LTE, yaani intaneti ya 4G ya simu, ya bendi ya 800 inaanzia megahezi 791, na ile ya 700 iko ndani ya eneo lililokuwa la televisheni zamani. Kichujio cha LTE kwenye waya wa antena husaidia, nacho kikae kabla ya busta.

Ikiwa `C/N` ni nzuri na imetulia lakini picha bado inakatika, tatizo halipo hewani. Rekodi dakika moja na uitazame faili:

```
dvbv5-zap -a 0 -c vituo.conf -t 60 -o jaribio.ts 'JINA LA KITUO'
mpv jaribio.ts
```

Faili ikiwa safi, kompyuta ilikuwa inashindwa kuonyesha kwa wakati, si kupokea. Faili ikiwa na makovu, rudi kwenye USB: poti, habu, kasi.

Dalili: kituo kina jina, kinakamatwa, lakini ni giza

Kwanza tenganisha giza la malipo na giza la kodeki, yaani programu ya kufungua video na sauti. Vituo vya kulipia vya StarTimes au Azam hurushwa vikiwa vimefungwa, na kufuli hilo hufunguliwa na kadi au chipu iliyo ndani ya king'amuzi chao. Kidude cha USB kitaona majina yake yote, maana majina hayafungwi, lakini video haitafunguka, na hakuna mpangilio wa Linux utakaobadilisha hilo. Tvheadend inakuonyesha kwenye orodha ya huduma zipi zimefungwa. Jaribu kwa kituo ambacho una hakika ni cha bure.

Kama cha bure nacho ni giza, au kina sauti bila picha, tazama kodeki. Nchi zetu zilichagua video ya H.264, na Fedora husakinishwa na FFmpeg iliyopunguzwa kwa sababu za hataza. Chukua FFmpeg kamili kutoka hifadhi ya RPM Fusion. Kwa openSUSE ni Packman. Picha bila sauti mara nyingi ni suala la AAC, na tiba ni hiyohiyo. `ffprobe jaribio.ts` itakutajia kila mkondo uliomo na kodeki yake.

Kutazama moja kwa moja, acha `dvbv5-zap -r` ikiendelea kwenye terminali moja, na kwenye nyingine:

```
mpv /dev/dvb/adapter0/dvr0
```

Hii ikicheza na Tvheadend isicheze, basi sasa una haki ya kuilaumu programu. Kwenye Tvheadend angalia mambo mawili: kwamba kidude kimeunganishwa na mtandao wa DVB-T ulioutengeneza, kwani kukiwasha pekee hakutoshi, na kwamba kila furushi la masafa limeandikwa DVB-T2 na si DVB-T.

Dalili: kilikuwa kinafanya kazi, leo hakifanyi

Kama kerneli imesasishwa, anzisha kompyuta kwa kerneli ya zamani kupitia menyu ya GRUB. Ikirudi, na ulikuwa umejenga draiva kwa mkono, ijenge upya kwa kerneli mpya. Draiva iliyojengwa kwa moja haifai kwa nyingine. Walioweka furushi la `linux-modules-extra` wahakikishe limekuja pia kwa toleo jipya, kwa sababu lile uliloweka kwa `$(uname -r)` lilikuwa la kerneli ya siku ile tu.

Kama kinapotea baada ya kompyuta kulala na kuamka, iondoe draiva kwenye kumbukumbu na uipakie tena. Kwa PCTV na WinTV ni `sudo modprobe -r em28xx_dvb em28xx` kisha `sudo modprobe em28xx`, baada ya kufunga programu zote zinazokitumia.

Wenye vidude viwili wana tatizo lao: leo hiki ni `adapter0`, kesho ni kile, na rekodi zilizopangwa zinakwenda kwenye antena isiyo yake. Vifunge kwa namba. Andika kwenye `/etc/modprobe.d/dvb.conf`:

```
options em28xx_dvb adapter_nr=0
options dvb_usb_rtl28xxu adapter_nr=1
```

Njia hii inategemea vidude kuwa na draiva tofauti, kama hapo juu. Vikiwa ni vya aina moja, orodhesha namba zote mbili kwenye mstari mmoja, `adapter_nr=0,1`, kisha weka kila kimoja kwenye poti yake ileile na usivibadilishe.